Bomba la Sinki la Pili

Jumamosi asubuhi mwalimu wa hesabu alikuwa amelaza kichwa kwenye sinki la pili la saluni, taulo shingoni, macho ameyafumba, akisubiri kusuuzwa rangi. Msusi alifungua koki, akapima joto la maji kwa kifundo cha mkono, kisha akayaelekeza utosini. Maji yalitoka vizuri, ya uvuguvugu, na pamoja nayo ikatoka sauti ya mwanamume.

"Miguu inaniwaka kwa ndani," ilisema. "Kukaa siwezi, kusimama siwezi."

Msusi aligeuza shingo. "Dada, bomba linakuita."

"Haliniiti mimi," alisema mwenye saluni, ambaye alikuwa akimfunga rola mteja mwingine. "Suuza hiyo rangi kabla haijamkaa kwenye ngozi."

"Ni Fundi Saa huyo," mwalimu alisema, macho bado ameyafumba. "Mwambieni nampa pole."

Fundi Saa alikuwa mdogo wake mwenye saluni, kitinda mimba wa mama yao. Aliishi na dada yake ghorofani, na wakati bomba lilipokuwa likisema, yeye alikuwa huko juu akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi, kwa hatua fupi za kuburuta ambazo watu wote wa saluni walizisikia juu ya vichwa vyao. Kwa majuma kadhaa kinywa chake hakikuwa kimetoa neno la kueleweka. Taya zilikaza, ulimi ulikuwa mzito, na mate yalimtoka bila yeye kujua, yakamlowesha kola. Bomba la maji lilipita ukutani nyuma ya kitanda chake, likashuka moja kwa moja hadi sinki la pili. Maneno yalifuata njia hiyo.

Mwaka uliotangulia Fundi Saa alikuwa ameugua vibaya. Hakulala usiku kucha, siku baada ya siku, na akaanza kuamini kwamba vioo vya saluni vilichukua nyuso za watu na havikuzirudisha. Mchana mmoja alishuka na kigoda, akavunja kioo kikubwa. Wanawake walikimbilia barabarani na rangi kichwani. Mafundi wa gereji ya jirani wakaja, wakamlaza chini huku akipiga kelele kwamba anawaokoa watu, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kamba, dada yake alimfunga mikono kwa taulo za saluni. Aliyefunga fundo ni yeye mwenyewe.

Hospitali walimtuliza. Ilichukua muda kupata dawa iliyomkubali, lakini ilipatikana: vidonge viwili vya manjano kila jioni, na pamoja navyo kimoja kidogo cheupe, cha kumzuia asikakamae wala asitetemeke kwa sababu ya vile vya manjano. Alirudi nyumbani akiwa yeye yule yule, amenenepa kidogo tu. Akaweka meza yake saluni, karibu na dirisha, akaendelea kufungua saa za watu.

Tatizo lilikuwa kwamba aliongea. Fundi Saa hakuona haya. Mteja akimuuliza alikuwa wapi siku zote, alijibu, "Nilikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Niliumwa sana, ila saa yako nitaiponya." Watu walicheka, naye alicheka nao. Siku moja saluni ilikuwa imejaa, na miongoni mwa wateja walikuwamo wanawake wawili wa kanisani ambao mwenye saluni aliwaheshimu. Fundi Saa akawasimulia yote: kioo, kelele, mafundi wa gereji.

"Nilifungwa kwa taulo kama zile pale," alisema akionyesha kwa bisibisi. "Na dada ndiye aliyefunga. Watu wa hospitali walihangaika kulifungua lile fundo. Dada yangu ana mikono, jamani."

Alilisema kwa kumsifu. Wale wanawake wa kanisani walizitazama taulo, kisha wakaangalia saa zao. Mwenye saluni alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni hiyo alisahau kumpa kidonge cheupe. Kesho yake alikumbuka kwamba amesahau, akasahau tena. Baada ya siku chache mikono ya Fundi Saa ilianza kutetemeka, skrubu zikawa zinamtoka kwenye vidole na kupotelea katika nywele zilizokatwa sakafuni. Akapandisha meza yake juu. Kisha shingo ikakaza, uso ukawa mkavu kama ubao, na akaanza kutembea. Dada yake alisema kule kutembea ni ugonjwa unaorudi, akamwongezea nusu ya kidonge cha manjano. Fundi Saa akazidi kuzunguka kama pia. Akaongezewa nusu nyingine.

Bomba lilipoanza kusema, mwenye saluni alimwita fundi bomba. Huyu alifungua koki, akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akaifunga, akabadilisha mpira wa ndani, akafungua tena.

"Dada, naomba kiti chenye mgongo," bomba lilisema. "Hiki kigoda kinaniumiza."

"Maji yako safi, nguvu yake nzuri," alisema fundi bomba akifuta mikono. "Maneno si kazi yangu, mama. Mimi ni wa maji."

Wateja walizoea. Mwalimu wa hesabu alianza kuomba sinki la pili hata la kwanza lilipokuwa wazi. Alipolaza kichwa alisalimia, akajibiwa, wakazungumza kuhusu saa yake iliyokuwa ikichelewa.

"Usiikaze sana," bomba lilimshauri. "Ni uchafu tu. Ningekuwa na mikono ningekusafishia."

"Utaipata mikono, ndugu yangu."

"Inshallah, mwalimu."

Mwenye saluni aliongeza sauti ya redio. Msusi alipunguza, kwa sababu hakusikia wateja wanataka nini.

Kisha ikaja siku ya mkesha wa sikukuu, wanawake wamejaa hadi kwenye ngazi, na sauti ikasema kwa upole kama mtu anayeomba chumvi, "Dada, hivi kile kidonge cheupe kimekwisha?"

Chini ya draya, mteja mmoja alijifanya anasoma gazeti.

"Kimekwisha madukani," mwenye saluni aliliambia bomba. "Nchi nzima hakuna."

"Haya, dada."

Mwalimu wa hesabu alikuwa amekaa akisubiri zamu yake. "Duka la dawa la pale kona wanacho," alisema. "Mama yangu anakitumia. Nimekinunua juzi."

"Labda ni cha aina nyingine."

"Labda," mwalimu alisema, akamtazama kupitia kioo. Mwenye saluni aliinamisha uso, akatafuta kitana ambacho alikuwa amekishika mkononi.

Siku ya kliniki ilipofika, alimvalisha mdogo wake shati la mikono mirefu lililofunika mtetemo, akamfuta mate, akamshika kiwiko. Walisubiri kwenye benchi la korido. Fundi Saa hakuweza kukaa. Alisimama, akatembea hadi ukutani, akarudi, akakaa, akasimama. Watu walimpisha miguu. Dada yake alitazama sakafu.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kuchoka. "Unajisikiaje?" alimuuliza Fundi Saa.

Fundi Saa alifungua mdomo. Taya zilitetemeka.

"Hajambo," dada yake alisema. "Ila hatulii. Anatembea kutwa."

Daktari alimkunja mkono na kuukunjua. Mkono ulikwenda kwa kukwama-kwama, kama gurudumu lenye meno. Daktari akakunja uso. "Kile cheupe anapewa?"

Hapo ndipo ulipokuwa mlango. Mwenye saluni aliuona umefunguka wazi mbele yake, angetaka angepita. Aliona pia jinsi daktari angemtazama, na jinsi muuguzi aliyekuwa dirishani angegeuka.

"Anapewa," alisema. "Kila jioni, kwa mkono wangu."

"Basi kama anapewa na bado hatulii, ni ugonjwa wenyewe." Daktari alinyanyuka, akaenda kunawa kwenye sinki la kona.

Alipofungua koki, sauti zilitoka nyingi kwa pamoja. Mwanamke aliomba afunguliwe dirisha. Mzee alisema midomo imemkauka, hawezi kumeza hata mate. Mwingine alisema hana hasira, hajawahi kuwa na hasira, ila miguu haitaki kukaa. Daktari alijipaka sabuni hadi viwikoni. Mwenye saluni alikuwa amekaza vidole kwenye mkoba, akisubiri sauti anayoijua ijitenge na zile nyingine na kumtaja. Haikutokea. Daktari alifunga koki, chumba kikanyamaza.

"Mtatusamehe," alisema. "Mabomba ya hapa yote yako hivyo. Tumeshaandika barua mpaka tumechoka."

"Ukiyafungua kidogo tu, hayasikiki sana," muuguzi aliongeza.

Daktari aliandika sindano, ya kuchomwa kila mwezi, juu ya vidonge. Muuguzi alimchoma hapo hapo. Fundi Saa hakukataa. Mwenye saluni alimpandisha suruali, akamfunga mkanda, na katika kufunga aliona kwamba mikono yake mwenyewe ilikuwa ikifanya kazi haraka na vizuri.

Njiani alisimama duka la dawa la pale kona. Alinunua vidonge vyeupe bila kuangalia kulia wala kushoto, akavitia chini kabisa ya mkoba.

Jioni, msusi alipokwisha kufagia na kuondoka, mwenye saluni alisimama mbele ya sinki la pili. Hakuwa amewahi kulifungua bomba lile peke yake. Alilifungua kidogo.

"Kwa nini hukusema kwa daktari?" aliuliza.

Maji yalitiririka sinkini.

"Ungeaibika mbele za watu, dada," sauti ilisema.

Alifunga koki. Alikaa kwenye kiti cha wateja, kichwa chini, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita akalia, polepole, akijifuta kwa taulo. Akaamua kumpa kidonge cheupe jioni hiyo hiyo. Kisha akawaza: atakipata, mikono itapona, atashuka na meza yake. Watu watamuuliza alikuwa anaumwa nini tena. Naye atawaambia yote, akicheka, hakuna neno atakaloliacha, kwa kuwa kinywani mwake hana kizibo. Mwalimu atakuwapo. Na kliniki watauliza imekuwaje apone ghafla.

Wiki ijayo, alijiambia. Sindano kwanza ifanye kazi, tuone.

Alipanda ngazi na sahani ndogo na glasi ya maji. Juu ya sahani vilikuwapo vidonge vya manjano. Fundi Saa alikuwa anatembea. Alipomwona alijitahidi kusimama, magoti yakicheza, akafungua mdomo kabla hajaambiwa, kama kinda la ndege. Alimwekea vidonge juu ya ulimi kimoja kimoja, akamshikia glasi midomoni.

Maji yaliposogea kwenye ukingo, sauti ilianza ndani ya glasi, ndogo sana, ikisema, "Dada, na kile cheu—"

Fundi Saa akanywa, akaimeza.