Moto Uliobisha Hodi

Jana usiku niliota nimeingia ndani ya ile picha ya sebuleni kwetu, ya Jumba la Saa likiungua. Ni picha ya zamani, haina rangi. Kwenye dirisha la ghorofa ya tatu anaonekana bibi yangu mzaa mama, Mwanahawa, na kando yake mtu mwenye ukungu usoni ambaye nyumbani hakuna anayemjua. Bibi hakutoka mle. Mpaka leo mama huuliza ni nani aliyeukaribisha ule moto.

Basi nimesimama barabarani na pajama yangu. Wazimamoto wamekauka kama miti.

"Jamani, pandeni!"

"Mpiga picha katukataza kutikisika," anajibu mmoja bila kupepesa macho. "Akimaliza tutapanda."

"Na mimi picha imenikata huku juu," inasema ngazi yao. "Pita ndani tu, mwanangu."

Napita. Korido ni ya shule yangu ya msingi, kisha ghafla niko chumbani kwa Bibi. Anashona kwa cherehani. Ni mdogo kuliko mama alivyo sasa.

"Shikamoo, Bibi. Twende, jumba linaungua!"

"Marahaba. Kaa kwanza, kuna vitumbua."

Moto uko koridoni, na una adabu ya kutisha: hauingii popote bila ruhusa. Unabisha kwa jirani, "Hodi!" Jirani anaitikia "Karibu!" kwa mazoea tu, na habari yake inaishia hapo.

"Bibi, usiujibu. Hodi tatu zikipita kimya, utaondoka."

"Nimwache mgeni nje? Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mgeni huyu haponyi mtu!"

"Hodi!" Sauti ya mtu aliyelelewa vizuri.

Bibi anafungua kinywa. Namtia kitumbua.

"Hodi, wenyewe!"

Anatafuna huku moshi ukipenya chini ya mlango. Anauona. Sasa ameelewa, anajiziba mdomo kwa upindo wa kanga, tunarudi nyuma mpaka dirishani. Nafurahi, jamani. Nampeleka kwa mama leo hii.

Moto unakohoa kidogo. "Hodi jamani. Kama hakuna watu, narudi zangu."

"Karibu!"

Bibi ananigeukia. Ni mimi niliyejibu. Wallahi sikukusudia, ulimi wangu kaulea mama, na mama kalelewa na yeye.

"Hapo hapo!" anasema mpiga picha kule chini. Nyuma yetu moto unavua viatu mlangoni.

Nikaamka, nikakimbilia sebuleni. Kulikuwa kumekucha. Yule mtu wa dirishani bado ana ukungu usoni, ila mkono wake sasa unaonekana. Kwenye kiwiko ana kiraka cha mistari. Nikatazama kiwiko cha pajama yangu: kiraka kile kile alichonishonea mama juzi.

"Hodi humu ndani!" Ni mama, karudi na mkate. "Hodi! We Shukuru, mbona hujibu?"

Nilisimama chini ya picha, nimejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.