Koki Iliyovuta Pumzi

Wiki ya tatu baada ya Clementi kuzikwa, koki ya uani kwake ilianza kuvuta pumzi. Haikukoroma wala kutema povu kama koki nyingine. Ilivuta pumzi kwa taabu, na mluzi mwembamba mwishoni, vilevile alivyokuwa akivuta marehemu pumu ilipombana. Ilikuwa kila siku, saa kumi jioni. Kijiji kizima cha Kiriba kikajua, na wale wasiowahi kufika kwenye mji ule wa marehemu ndio walioisimulia vizuri zaidi.

Boniphace, kaka mkubwa wa marehemu, hakungoja kuambiwa mara mbili. Alisema mdogo wake hajalala, na kama hajalala basi amekosewa na mtu wa ndani. Mtu wa ndani alikuwa Rhobi, mjane, Mama Wegesa kwa jina la mwanawe wa kwanza, mama wa watoto watatu na mwenye shamba la mihogo alilolilima kwa mikono yake. Ukoo ukaamua kwamba Jumamosi watakuja wasikilize wenyewe. Pumzi ikisikika, Rhobi atarudi kwao Butiama, na watoto watabaki.

Ndipo Rhobi alipompigia simu Machibya, fundi bomba wa Bunda, rafiki wa marehemu tangu ujana wao.

"Shemeji, njoo uniangalizie hii koki. Inavutaga kama yeye kabisa. Wanataka kunitoa kwangu."

Machibya alifika kwa pikipiki Jumamosi mchana. Kwa kawaida alikuwa mtu wa maneno mengi, wa kutania hata kuku, lakini siku hiyo alisalimia kwa ufupi na kukwepa kulitazama kaburi. Lilikuwa kando ya zizi la ng'ombe, hatua kama kumi na tano kutoka kwenye koki, na saruji yake ilikuwa imezama upande mmoja.

Akafungua koki kwa spana, akatoa washa, kile kipete cha ndani cha kuzibia maji, iliyokwisha kulika, akaweka mpya.

"Hewa ilikuwa inapita hapa," alisema. "Watu wa mradi wa maji wakifunga saa kumi, yale yaliyobaki kwenye bomba yanateremka bondeni, na koki inavuta hewa nyuma yake. Hakuna kingine."

"Kwa hiyo imepona?"

"Imepona, shemeji."

Mwongo mkubwa. Kila fundi akishafunga koki hutazama mita, na Machibya aliitazama. Kigurudumu chekundu kilikuwa kinazunguka polepole, ilhali nyumba nzima hakuna aliyefungua maji. Yalikuwa yanapotelea ardhini, naye hakuhitaji kutafuta ni wapi. Akakifunika kifuniko cha mita na kukikandamiza kwa kiatu.

Miaka sita nyuma, yeye ndiye aliyelilaza bomba lile. Pale kando ya zizi vipande viwili vilikutana, na soketi ya kuviunga hakuwa nayo. Clementi alitaka waifuate Musoma. Machibya akamcheka, akavifunga kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, akasema utashika mpaka Jumatatu atakapoleta soketi. Jumatatu hiyo haikuwahi kufika.

Kisha Clementi akafa, tena si kwa pumu bali kwa kuhara, siku nne tu. Machibya alikuwa miongoni mwa wachimba kaburi. Wazee walionyesha mahali karibu na zizi, panapomfaa mwenye mji, naye akaona ni juu ya kiungio chake kabisa. "Hapa kuna mwamba," akasema, "tusogee hatua moja." Wakasogea. Kilikuwa kiangazi kikali, ardhi kila mahali imekauka kuwa jiwe, lakini pale jembe lilizama bila kubishana. Wenzake wakafurahi, wakasema ardhi inampokea mtu mwema. Machibya alihisi ubaridi wa tope kwenye vidole vya miguu, akajua ni nini, akanyamaza. Ilikuwa aibu tu. Mtu mzima mwenye mvi kidevuni, aibu ya kipande cha mpira!

Saa kumi kasoro robo Boniphace akaja na ndugu zake wawili, wakaizunguka koki kwa viti vya plastiki kama watu waliokuja kumwona mgonjwa. Rhobi akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, palepale alipozoea kukaa kila jioni. Maji yakakatwa. Koki ikanyamaza. Ikapita dakika moja, zikapita mbili. Rhobi akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi uso wake ulilegea.

Halafu pumzi ikavutwa. Ilitoka ardhini, kule kaburini.

Kiti kimoja kikaanguka. Machibya mwenyewe, aliyejua kwamba hewa iliyonyimwa njia kwenye koki sasa ilikuwa inapita kwenye mpira wake, alisisimka mwili mzima, maana mluzi ule ulikuwa wa Clementi na hakuna ufundi ambao ungeweza kumwambia vinginevyo.

"Mmesikia wenyewe," Boniphace alisema, akirudi nyuma hatua moja. "Mama Wegesa, funga vitu vyako. Jua la kesho lisikukute hapa."

Rhobi hakubisha. Aliinuka akaelekea nyumbani kama mtu aliyekuwa akiingojea hukumu hiyo siku nyingi, na hapo ndipo Machibya aliposhindwa kuvumilia. Akanyakua jembe lililokuwa ukutani.

"Ngojeni! Huyu mama hana kosa. Ni mimi."

"Unataka kufukua kaburi?" Boniphace akamrukia na kumshika mkono.

"Sifukui kaburi. Nafukua kazi yangu."

Akachimba hatua moja kutoka kwenye saruji, huku akisema yote, soketi iliyokosekana, Jumatatu isiyofika, mwamba ambao haukuwepo. Shimo lilipofika magotini, bomba likaonekana. Mpira ulikuwa umechanika, na kila mara bomba lilipovuta, kingo zake zilitetemeka na kupiga mluzi, na maji meusi ya samadi kutoka zizini yakaingia ndani. Waliyaona wote yakiingia.

Boniphace aliinama akaugusa ule mpira wa tyubu. Kisha akacheka mpaka machozi, kicheko cha mtu aliyekuwa na hofu kuliko alivyotaka ijulikane.

"Kumbe baiskeli! Mama Wegesa, utusamehe. Tulitishwa na baiskeli!"

Machibya akakata kipande kilichooza, akatoa soketi mfukoni, akaunga. Pumzi ikakoma. Ndugu wakampa mkono, wakamwita fundi wa kweli, wakaondoka wakitaniana.

Rhobi alibaki amesimama juu ya shimo.

"Soketi ulikuja nayo," alisema.

"Ndiyo, shemeji."

"Na siku ya kuchimba kaburi mlisema udongo laini."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo bomba lilikuwa linavuja kabla hajafa."

Machibya akakaza soketi iliyokwisha kukazwa.

"Mimi nilikuwaga nachemsha maji ya watoto," Rhobi aliendelea taratibu. "Yeye alikuwaga anakataa. Anakinga mkono kwenye koki, anakunywa. Alikuwaga anasema maji ya Machibya hayachemshwi."

"Sijui, shemeji. Nakuapia, sijui kama ndiyo yaliyomuua."

"Hata mimi sijui." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Siku zote hizi nimekaa pale kila saa kumi, namwomba msamaha. Nilidhani ni mimi niliyemkosea. Kosa sikulijua, nikawa naomba kwa yote, hata ya zamani, hata yasiyokuwepo."

Machibya alitamani apigwe. Rhobi hakumpiga wala hakupaza sauti. Alikwenda akachukua ile ndoo, akaileta, akaipindua kando ya kaburi.

"Kaa," alisema, akaingia ndani kuwapikia watoto.

Machibya akakaa. Koki ilikuwa kimya na ardhi ilikuwa kimya, na pumzi pekee iliyosikika pale ilikuwa yake mwenyewe, inavutwa kwa taabu.