Bahasha ya Ndani

Macaire alianza kumchukia Malik kwa sababu ya shikamoo. Malik alikuwa Mmarekani mweusi wa Annandale, mwalimu wa historia aliyejifunza Kiswahili chuoni akakipenda kupita kiasi, na Jumapili moja ya Septemba mchungaji alimkaribisha kanisani kwao Springfield aje kuwafundisha waumini namna ya kupiga kura katika uchaguzi wa mitaa. Kabla hajafungua mkoba wake alipita kuwasalimu watu mmoja mmoja. Alipomfikia Arielle alisema, "Hujambo, dada." Alipomfikia Macaire, mume halali wa huyo dada, aliinama kidogo akasema, "Shikamoo, mzee." Macaire alikuwa na miaka arobaini na moja. Huyo aliyemwamkia alikuwa na thelathini na tisa, na ndevu zake zilikuwa na mvi nyingi kuliko za anayeamkiwa. Arielle akacheka. Njia nzima ya kurudi nyumbani Woodbridge Macaire alikagua ndevu zake kwenye kioo cha gari.

Tusimwonee, lakini. Alikuwa na kidonda chake. Yeye wa Rumonge na Arielle wa Uvira walikutana kambini Tanzania, wakaoana huko, wakaletwa Marekani kwa ndege moja, wakaomba uraia wiki moja. Arielle aliapa mwezi wa nne. Macaire alikuwa ameanguka kwenye usaili mara mbili. Maswali ya serikali aliyajua yote, mpaka usingizini, ila afisa alipomuuliza kwa Kiingereza cha haraka kama amewahi kutoa madai ya uongo, alimwomba arudie, kisha arudie tena, mara ya tatu akajibu "yes" kwa adabu tu. Kwa hiyo somo lile la kura halikuwa lake. Alikaa nyuma karibu na makoti, akasikiliza mambo yanayowahusu wengine.

Na Malik alifundisha vizuri, hilo ndilo lililoudhi. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Aliwaambia mtu anaweza kwenda kituoni mwenyewe siku ya uchaguzi, au aende wiki kadhaa kabla kwenye ofisi zilizofunguliwa mapema, au aombe karatasi iletwe nyumbani kwa posta. Ya posta ina bahasha mbili. Karatasi inaingia katika bahasha ya ndani, ambayo unaifunga na kuitia sahihi, kisha hiyo inaingia katika bahasha ya nje. "Na ile ya ndani ni chumba chako," alisema. "Haingii mchungaji, haingii mume." Watu wakacheka. Macaire aliona kabisa kwamba neno "mume" lilisemwa huku macho yameelekea upande wa Arielle.

Arielle alichagua posta, kwa sababu Jumanne ya uchaguzi alikuwa akimtunza bibi mmoja huko Annandale kuanzia asubuhi hadi jioni. Tangu siku hiyo nyumbani kukawa na mtu wa nne, asiyekula wala kulala hapo lakini anayetajwa kila wakati.

"Malik anasema bodi ya shule njo inaamua basi ya Queen ipite wapi," Arielle alisema jioni moja akisonga ugali. Queen alikuwa binti yao wa miaka tisa.

"Na kuhusu ugali anasemaje? Uwe mgumu au laini?"

"Baba Queen, uko na nini weye?"

"Sina kitu."

Alikuwa nacho. Alikuwa na wivu, na wivu haukumpa nafasi hata ya kufunga kamba za viatu kwa utulivu. Arielle akichelewa dakika kumi, yuko na Malik. Arielle akiimba jikoni, Malik ndiye aliyemfundisha wimbo. Akinyamaza, basi anamuwaza. Macaire mwenyewe alijua kwamba mke wake ni mtu wa kazi na kanisa, na kujua huko hakukumsaidia chochote.

Jumamosi, siku tatu kabla ya uchaguzi, Arielle alikuwa anaoga na simu yake ilikuwa inachajiwa juu ya friji. Ikalia. Macaire hakuigusa, aliinyooshea shingo tu. Kwenye kioo palikuwa na jina la Malik na maneno machache yaliyokatikia njiani: "Hapana dada, usimwonyeshe mume wako. Hata akikuomba. Hiyo ni siri ya..."

Aliingia chumbani na kuanza kupekua. Chini ya vitenge, kwenye droo ambayo yeye hakuwa na sababu ya kuifungua, akaikuta bahasha ya kura, nene, imefungwa tayari kwa posta. Alijua ni nini. Anwani ya ofisi ya uchaguzi ilikuwa imechapwa juu kwa herufi kubwa. Lakini mwenye wivu hakosi hoja, na Macaire alijiambia kwamba mtu anayetaka kuficha barua ya mapenzi hawezi kupata mahali pazuri kuliko bahasha ambayo sheria inakataza wengine kuifungua. Akachukua kisu cha kumenyea viazi.

Alifungua ya nje. Akakuta ya ndani, ina sahihi ya Arielle, mwaka wake wa kuzaliwa na tarakimu nne za mwisho za ile namba yake ya serikali. Akaifungua na hiyo. Ndani mlikuwa na karatasi moja kubwa yenye majina, na kando ya majina viduara, vingine vitupu na vingine vimejazwa wino kwa uangalifu wa mtoto wa darasa la kwanza. Akaitikisa. Hakikuanguka kitu.

Alisoma jina moja baada ya jingine na hakumjua hata mmoja. Mkewe aliwajua. Alikaa mahali fulani peke yake, kalamu mkononi, akaamua huyu ndiyo na huyu hapana, na hakuhitaji kumwomba afisa yeyote arudie. Hapo wivu wa Macaire ukamwacha Malik ukaigeukia karatasi. Aliitaka iwe yake. Aliona uchungu kwamba jina lake halimo popote katika mambo hayo, hata kwenye bahasha, na aliona aibu kwa uchungu huo, na maji bafuni yakaacha kumwagika.

Alichukua tepu kwenye begi la Queen, akabandika ya ndani, akabandika ya nje, akairudisha chini ya vitenge. Arielle alipotoka bafuni alimkuta mumewe anafagia jikoni, kazi ambayo hakuwahi kutumwa.

Jumatatu kazini, kwenye chumba cha kufulia mashuka ya hoteli, alimuuliza Gichuki, Mkenya aliyekuwa raia kwa miaka kumi.

"Bahasha ya kura ikifunguka, kura inahesabiwa?"

"Gani? Ya ndani?" Gichuki alikuwa anakunja mashuka bila kuangalia. "Hapo ni noma. Wakiona imechezewa wanaweza ku-reject. Lakini si unabeba hiyo kitu yote uende nayo station, una-surrender, wanakupea karatasi fresh una-vote hapo hapo? Bora ufike kabla ya saa moja jioni, wakifunga imeenda. Kwani ya nani imefunguka?"

"Nauliza tu."

"Sawa, mkubwa. Uliza tu."

Kwa hiyo alijua. Akinyamaza, kura ya kwanza ya mkewe katika nchi hii itaweza kutupwa, na Arielle hatajua milele. Akisema, itapona, ila atakuwa amesema. Usiku ule na asubuhi iliyofuata alichagua kunyamaza kama mara sita, na kila mara uamuzi haukukaa.

Jumanne Arielle alirudi saa kumi na moja, bado amevaa sare ya kazi. Alikuwa amechelewa kuituma ile bahasha, na Malik alisema siku ya mwisho ni salama zaidi kuitumbukiza mwenyewe kwenye sanduku la kituoni. Akamwomba Macaire ampeleke. Kituo kilikuwa kwenye ukumbi wa michezo wa shule, dakika tano kwa gari. Dakika zote tano Macaire alilisogeza neno mpaka kwenye meno na kulimeza.

Sanduku lilikuwa mlangoni. Arielle akaitoa bahasha mkobani, akaipangusa kwa kiganja, akanyoosha mkono.

"Mama Queen, usiitie."

"Juu ya nini nisiitie?"

"Nimeifungua."

Arielle akaigeuza. Akaiona tepu. "Umefungua nini?"

"Zote mbili. Jumamosi, ukiwa bafuni. Niliona meseji ya Malik, nikadhani humo kuna barua yake."

Alingoja apigiwe kelele, na angeshukuru kupigiwa. Arielle alisema kwa sauti ndogo, ya mtu anayehesabu vitu vilivyobaki baada ya moto.

"Ile meseji, miye njo nilimuuliza. Nilimuuliza, naweza kumuonyesha bwana yangu? Nilikuwa nataka kukuonyesha, Macaire. Nilitaka tukae kwenye kiti, nikuambie huyu nimemuchagua juu ya hivi, huyu juu ya hivi. Akaniambia hapana." Akaigeuza tena bahasha. "Uvira nilivoter mara moja. Mutu wa chama alisimama nyuma yangu akanionyesha fasi ya kuweka kidole. Nikaweka. Kumi na ngapi hii miaka, nangoja ile moja yenye hakuna mutu ataangalia."

Tangu Queen azaliwe Arielle hakuwahi kumwita Macaire. Alimwita Baba Queen. Mume alitaka kusema samahani, na neno lenyewe likaonekana dogo hata kabla hajalitamka.

"Bado tunaweza," alisema. "Unawarudishia hii, wanakupa nyingine. Mpaka saa moja."

Waliingia. Mezani palikuwa na mama mmoja mtu mzima wa Kimarekani, miwani imening'inia kifuani. Akaipokea bahasha, akaipapasa tepu, akauliza kwa Kiingereza kama kuna mtu mwingine aliyeifungua. Arielle angeweza kumjibu kwa sentensi mbili safi. Badala yake alimtazama mumewe.

"Mwambie weye."

Nyuma yao palikuwa na watu kama wanane kwenye foleni. Macaire akasimama mbele ya meza kama alivyosimama mara mbili mbele ya afisa wa uhamiaji, na Kiingereza chote kikamkimbia kama walivyozoeana. "I open," alisema. "She is my wife. I open, because I..." Alitafuta neno la wivu. Alilijua kwa Kirundi, alilijua kwa Kiswahili. Likaja la Kifaransa. "Because I jaloux."

Mama yule alivaa miwani. Alilirudia neno kwa Kiingereza, taratibu, na Macaire akakubali kwa kichwa kwamba ndilo hilo. Akamuuliza, si kwa ukali, anamwonea nani wivu.

Macaire alielewa swali mara ya kwanza, bila kurudiwa. Jina la Malik lilikuwa tayari ulimini na lingetosha, kila mtu kwenye foleni angelielewa. Akaiangalia bahasha iliyotapakaa tepu za mtoto, akanyoosha kidole akaigusa.

"This," alisema.

Mama yule aliitoa ile karatasi ndani ya bahasha, akaandika juu yake kwamba imebatilika, akaiweka kando, akamuuliza Arielle jina lake na anwani, kisha akampa karatasi mpya. Macaire alielekezwa asimame ukutani. Arielle alikwenda kwenye kibanda na kukaa humo muda mrefu, mkono wa kushoto umeizunguka karatasi, na Macaire akageuka akaukabili ukuta, ingawa kwa umbali ule asingeona hata akikodoa.

Alipotoka alikuwa na kibandiko cha mpiga kura kifuani. Walikwenda mpaka kwenye gari. Arielle akafungua mlango wa nyuma, akakaa pale anapokaa Queen, akafunga mkanda.

Macaire akawasha gari. Swali lilimjia lenyewe, amewachagua wale wale au amebadilisha, swali la kawaida ambalo mume yeyote angemuuliza mkewe siku ile. Akajua hataliuliza leo, wala mwaka ujao, hata siku akiwa raia na yeye, na akaendesha mpaka nyumbani akimwona kwenye kioo kidogo, anatazama nje.