Mfuko wa Simiti wa Kaka Chome

Kaka yangu Chome alikuwa mkwezi wa minazi katika shamba la tajiri mmoja pale Munje, akilipwa senti kumi kwa kila mnazi. Mwaka tuliopata uhuru, goti lake la kulia lilianza kumsaliti. Akifika kileleni, mguu mzima ulimtetemeka. Akaapa atanunua baiskeli, aachane na minazi, awe akibeba madafu hadi Diani kuwauzia wageni wa hoteli.

Hapo ndipo nilipojitia mimi na masomo yangu ya sekondari. Bwana Maendeleo alikuwa amekuja shambani kuwafundisha vibarua kuweka akiba posta. Chome hakumsikia, alikuwa juu ya mnazi. Nikamweleza jioni yake: pesa za posta haziibiwi, haziliwi na mchwa, haziombwi na mashemeji. Lile jingine alilosema yule bwana, kwamba posta huongeza kitu juu ya akiba, nililimeza. Nilimjua kaka yangu. Alikuwa mtu wa kutembea maili mbili kumrudishia mwenye duka senti tano aliyomzidishia.

Miaka miwili na ushei akaweka. Zilipotimia shilingi mia mbili, Mwalimu Shutu akapewa uhamisho wa kwenda Samburu, akawa anaiuza baiskeli yake kwa bei hiyo hiyo. Alikuwa aondoke Jumamosi. Fundi cherehani mmoja wa Mwabungo alikuwa akiimezea mate, na pesa anazo mkononi.

Jumatano tukaenda posta. Karani alikuwa kijana mmoja mpole, Kavumbi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Kavumbi akafungua kitabu cha akiba. "Zako mia mbili. Na riba, shilingi saba na senti themanini."

Chome akanigeukia polepole. "Riba ya nani?"

"Yako, mzee. Hongera."

"Sikuiomba. Ifute."

"Haifutiki. Imeandikwa Nairobi."

"Basi waandikie Nairobi waje waichukue."

Foleni nzima ikacheka. Mama mmoja akapaza sauti, "Nipe mimi, baba, nina watoto sita!"

"Nikulishe haramu kwa mkono wangu, kisha nikajibu nini mbele ya Mola?"

Kavumbi akajaribu kusaidia. "Basi chukua mia mbili zako, hizo nyingine ziache humu humu."

"Nikiziacha zitafanya nini?"

Angenyamaza tu! Lakini alikuwa karani mwaminifu. "Zitaongezeka," akasema.

"Umesikia, Mangi? Nikizichukua nimezila, nikiziacha nimezipanda!" Akatwaa kitabu chake akatoka, bila hata senti moja.

Njiani nilimwambia kila nililojua. Nilimwambia Jumamosi mwalimu anaondoka.

"Aondoke."

"Na goti?"

"Goti ni langu."

Nyumbani mkewe, Mbodze, aliposikia, aliweka kifuu chini akamtazama. "Basi kaukwee mlingoti wa posta, baba, ukaangue hiyo riba. Hapa tunataka baiskeli."

Alhamisi alfajiri akarudi shambani. Kwenye mnazi wa tisa goti lilikataa. Hakuanguka, Mungu alimstahi, lakini aliteleza akaushuka mnazi mzima kwa kifua. Aliletwa nyumbani ngozi imechunika kutoka shingoni hadi kitovuni. Mbodze akampaka mafuta ya nazi. Nikavaa kanzu nikaenda kwa Maalim Abdurahman.

Nilikuwa nimechelewa siku moja, na kisa ni aibu. Kumuuliza maalim kulikuwa ni kukiri.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Azitoe zote," akasema. "Mia mbili ni jasho lake. Hizo saba asizile, asizivae, asizijengee msikiti. Azitie mahali penye manufaa ya watu wote, kama choo cha soko kinachongoja simiti. Na asitaraji thawabu. Hapo hatoi sadaka, anajitakasa tu."

"Alhamdulillahi," nikasema, nikainuka.

"Kaa. Nani aliyempeleka posta?"

"Mimi, maalim."

"Ulimwambia kuna riba?"

"Sikumwambia."

"Basi simiti utaibeba wewe."

Ijumaa asubuhi Chome akazitoa zote, Kavumbi akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kabla ya adhuhuri baiskeli ilikuwa yetu. Mfuko wa simiti uliuzwa shilingi nane, na zile senti ishirini zilizopungua nilizitoa mfukoni mwangu. Nikaushika mfuko niuweke kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli.

"Toa mkono," Chome akasema. "Chombo hiki ni cha halali. Usinichanganyie."

"Kaka, ni ratili mia na zaidi! Kutoka hapa hadi sokoni?"

"Maalim alisema ubebe. Hakusema upakie."

Nikabeba. Jua la saa nane, tumetoka swala ya Ijumaa, vumbi la simiti likinishuka shingoni na kuchanganyika na jasho, naye kando yangu akisukuma baiskeli tupu, kifua kimefungwa kitambaa, akipiga kengele ili watu wanipishe. Sijawahi kumkasirikia mtu kiasi kile. Leo ningeubeba tena, hata mara mbili.

Hakukwea mnazi tena. Aliuza madafu miaka minne, hadi homa ilipomchukua mwezi wa Shaabani. Baiskeli tuliiuza kulipia matibabu ambayo hayakumfaa. Nyumba yake ya makuti imeshaanza kuinama. Kitu chake kilichobaki imara katika dunia hii ni ile sakafu ya choo cha soko.

Siku za mvua, sehemu nyingine zote za soko zikiwa tope, wachuuzi wa samaki hutoka pale miguu mikavu wakisema, "Mungu amlipe aliyeiweka sakafu hii." Nami husimama hapo na kikapu changu. Lakini siku Fundi Tembo alipoimwaga simiti ile, Chome alinishika mkono akaniapisha: "Mtu akiniombea malipo kwa ajili ya hii, Mangi, usiitikie."

Siitikii. Nanunua samaki wangu, nakwenda zangu nyumbani, na amina yangu nimeifumba mdomoni.