Maamkizi Yaliyokatwa

Sikutambua kwamba hakuna aliyeitikia.

Alasiri ile Bi Mwatum Haroub aliketi juu ya mkeka sebuleni kwake, Pongwe ya Tanga, akafumba macho, na kabla ya kuimba akaanza kuamkia. "Shikamoo Bi Samiha. Shikamoo Bi Riziki. Shikamoo Bi Mize. Shikamoo Bi Time. Shikamoo Bi Chumu." Aliamkia polepole, akiacha baada ya kila jina nafasi ya kuvuta pumzi moja. Mimi nilikuwa nimekiinamia kinasa sauti, nikitazama mshale ukipanda na kushuka. Nilidhani anawasalimu wazee walioko uani, kama afanyavyo mtu yeyote wa pwani hii anapokuwa karibu na wakubwa zake. Uani hapakuwa na mtu. Hakuna aliyejibu marahaba, na mimi, niliyesomea muziki hadi shahada ya uzamivu, niliyefundishwa kusikiliza kama wengine wanavyofundishwa kushona, sikuusikia ule ukimya.

Maamkizi yalichukua sekunde arobaini na moja. Najua kwa sababu nilizipima ili zikatwe.

Mradi wetu uliitwa Kapu la Sauti. Wazo tuliliazima kwa waandishi wa programu za kompyuta ambao kwa miongo kadhaa wamekuwa wakiweka kazi zao hadharani, ili yeyote azitumie, achungue zilivyoundwa, azibadili na kuzigawa upya, mradi ataje alikozipata. Sisi tulitaka kufanya hivyo kwa muziki. Hatukuweka mtandaoni wimbo mzima peke yake. Tuliweka na vipande vyake, sauti mbali, ngoma mbali, makofi mbali, ili kijana wa Pangani au wa Kigoma avichukue na kujenga chake bila kumwomba mtu. Niliiamini kazi hiyo, na sehemu kubwa yake naiamini hadi leo. Mimi ni mtoto wa kibarua wa shamba kubwa la Maramba. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika barua tatu za maombi ili tu nisikilize kanda ya nyimbo ambazo mama yangu mwenyewe alizijua, na barua ya tatu haikujibiwa. Niliapa kwamba sitafungia mtu yeyote wimbo.

Wilfred, fundi wetu wa sauti, ndiye aliyeuliza.

"Mwalimu, huyu mama mwanzoni anasalimia watu. Niache?"

"Anayetaka kuutumia wimbo atahitaji uanze pale pigo linapoanza."

"Kwa hiyo nikate?"

"Kata."

"Sawa. Mie ni mkono tu, kichwa ni wewe," alisema akicheka, akakata.

Baada ya miezi mitatu mtayarishaji mmoja wa Dar es Salaam aliichukua sauti ya Bi Mwatum, akaizungushia kinanda na ngoma za mashine, na wimbo ukaenea. Ulipigwa kwenye bajaji za Tanga na kwenye kumbi za harusi. Yule kijana hakukosea lolote. Alitimiza kila sharti la leseni yetu, akaandika jina la Bi Mwatum na jina la mradi pale panapotakiwa. Niliuonyesha wimbo huo katika mkutano wa wanazuoni kama ushahidi kwamba wazo letu linafanya kazi. Watu walipiga makofi, nami niliyapokea.

Wiki ileile Bi Mwatum alinipigia simu.

"Mwanangu, ule wimbo wangu ulioko kwenye masimu, waweza kuuondoa?"

"Umekukera, Bi Mwatum? Mbona watu wameupenda sana?"

"Haujanikera. Nakuomba tu uuondoe."

Nilimweleza kwa upole, kwa sauti niitumiayo kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwamba leseni huria ikishatolewa haiondolewi, na kwamba nakala zimeshasambaa kwa watu nisiowajua. Angenyamaza hapo ningekuwa na afadhali. Lakini alisema, "Hata kidogo, haiwezekani?" nami nikajibu, "Fomu ulisaini, Bi Mwatum. Nilikusomea kifungu kwa kifungu."



"Ni kweli, ulinisomea," alisema. "Basi samahani, mwalimu, nimekusumbua."

Aliniomba samahani, nami nikamwambia hamna neno.

Ukweli niliupata kwa binti yake, Raya, aliyenipigia siku kumi na mbili kabla ya harusi yake. Hakuzunguka mbuyu.

"Mwalimu Anastazia, una habari mama haimbi harusini kwangu?"

"Kwa nini? Anaumwa?"

"Haumwi. Hana radhi. Na aliyemwondolea radhi ni somo wake, na sababu ni nyie."

Nilimwomba anieleze, naye akanieleza kama mtu anayemfundisha mgeni kuchota maji. Wimbo ule huimbwa na wanawake wa kundi lao, Wapemba waliohamia huku bara, pale bibi harusi anapotolewa ndani. Hauna mwenyewe. Somo, mwanamke aliyemfunda msichana tangu alipovunja ungo, humpa mwari wake, na mwari akikua huruhusiwa kuongeza beti, kupunguza, hata kugeuza pigo. Deni lake ni moja tu. Kila auimbapo, aamkie kwanza wanawake wote ambao wimbo umepitia vinywani mwao, kuanzia aliyempa hadi wa mwisho anayekumbukwa. Asiyewaamkia amejitangaza kwamba wimbo ameuzaa yeye. Bi Samiha, somo wa Bi Mwatum, aliusikia wimbo kwa jirani yake huko Ushongo, kwenye spika kubwa, mbele ya wanawake wenzake. Sauti ilikuwa ya mwari wake mwenyewe, na ilianza moja kwa moja na ubeti.

"Kwani mama hakumwambia kwamba ni sisi tuliokata?" niliuliza.

"Kamwambia alisahau."

"Alisahau? Lakini hakusahau!"

"Sasa angekusema vipi, mwalimu? Ulikuwa mgeni wake. Ulikula kwake." Akashusha pumzi. "Mie ni kitinda mimba. Dada zangu wote wawili waliimbiwa na mama. Nitolewe na spika?"

Kesho yake nilikwenda Pongwe, nikamwomba Bi Mwatum tufuatane hadi Ushongo. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alichukua mtandio wake. Njia nzima, hata tulipokwisha vuka mto Pangani, hakunilaumu. Aliniuliza habari za mama yangu na bei ya mahindi Maramba.

Tulimkuta Bi Samiha barazani kwa binti yake akisuka ukili wa mkeka. Alikuwa mwembamba, na vidole vyake havikusimama tulipobisha hodi. Bi Mwatum alipiga magoti akaamkia. Bi Samiha aliitikia marahaba, ila hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Na huyu?"

"Ni mwalimu wa chuo kikuu, somo. Mgeni wangu."

"Mwalimu! Mbona mbichi kama karafuu ya mwezi wa kwanza? Karibu, mwalimu. Umekuja kunisomesha?"

"Nimekuja kukiri, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Kiri basi, mie sina haraka. Mkeka huu wa Ramadhani."

"Bi Mwatum aliwaamkia wote. Alianza na wewe. Mimi ndiye niliyeamuru maamkizi yakatwe."

"Somo, mwalimu hakujua," Bi Mwatum aliingilia. "Nami sikumweleza. Kosa ni langu."

"Nyamaza, Mwatum. Mwache mtu mzima abebe mtungi wake."

Nilitoa simu, nikataka kumsikilizisha rekodi kamili ambayo Wilfred alikuwa ameihifadhi. Nilikuwa nimejiandaa hivyo, na ushahidi mkononi.

"Zima," alisema. "Akisema mtu mbele yangu yanitosha. Mashine ya nini?"

Nikazima. Ndipo ukili uliposimama.

"Sikiliza. Kuuchukua si kosa. Mie niliuchukua kwa Riziki nikiwa sijaota hata meno ya ukubwani. Kuugeuza si kosa. Mize aliongeza beti mbili, moja mbaya kweli, nimeitupa mie. Huyo kijana wako wa vinanda namsamehe, japo pigo lake kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Lakini weye umewatoa watu ndani ya wimbo ukaubakisha mtupu. Kwa nini?"

Nilikuwa na jibu, na lilikuwa fupi. Nilisema, "Nilidhani ni salamu tu."

"Ni salamu," alisema. "Ulidhani salamu ni kitu kidogo?"

Kwa miaka minne nilikuwa nimewafundisha wanafunzi masharti ya utamaduni huria kama jambo lililobuniwa mbali na kuletwa kwetu likiwa jipya. Mbele yangu alikuwepo mwanamke aliyeyashika yote tangu utotoni, na lile la kutaja aliyekupa alilishika kwa ukali kuliko sheria yoyote niliyowahi kuisoma. Nami ndiye niliyelivunja, kwa niaba ya mradi uliojengwa juu yake. Nilitazama chane za ukili zilizoanguka sakafuni kwa sababu sikuweza kuwatazama wawili wale.

"Waweza kuurudisha?" aliuliza.

"Hapana, bibi. Rekodi kamili nitaiweka hadharani leo, na nitamwandikia yule kijana. Lakini nakala zilizokwisha kwenda siwezi kuzirudisha."

"Basi umegawa kitu usichoweza kukirudisha, na hukuuliza kina nani ndani yake." Alimgeukia Bi Mwatum, na kwa mara ya kwanza akamtazama. "Nawe ulinidanganya. Ulisahau, ulisahau! Weye unasahau? Mtu aliyekumbuka deni langu la sukari miaka kumi na tano!"

Bi Mwatum alicheka huku akilia.

"Radhi yangu unayo. Mwimbie mtoto. Ila na huyu utamtaja."

"Mimi?" nilisema. "Bibi, mimi sistahili kutajwa."

"Nani kasema unastahili? Wimbo umepitia kwako, umetoka na kovu. Atakayekuja kuuliza kovu limetoka wapi, ajibiwe."

Harusini, wanawake walijaa hadi kwenye ngazi za nyuma. Raya alisimama ndani ya kanga mbili, uso umefunikwa, na mama yake akasimama mbele yake. Aliwaamkia watano, na Bi Samiha, aliyekaa kwenye kiti cha pekee, akaitikia kwa niaba yake na ya waliotangulia. Kisha Bi Mwatum akasema, kwa sauti ileile bila chuki, "Na Anastazia wa Maramba, aliyeukata." Vichwa viligeuka. Mwanamke mmoja aliuliza, "Yupi?" akaonyeshwa. Mwingine alicheka, akaziba mdomo kwa upembe wa mtandio. Nilikuwa nimeshika sahani ya pilau, nikaendelea kuishika, kwa kuwa kuiweka chini kungekuwa kuondoka. Halafu wimbo ukaanza, wenye beti ambazo hazimo katika rekodi yangu, na Raya akatolewa.

Yule mtayarishaji alijibu barua yangu kwa adabu, akatengeneza toleo jipya lenye maamkizi yote. Limesikilizwa na watu wachache mno. Toleo la zamani bado ndilo linalopigwa.

Siku hizi hatukati chochote studio bila mwimbaji kuketi pembeni ya Wilfred. Kazi imekuwa ya polepole. Mwaka uliopita tuliweka mtandaoni nyimbo mia moja na arobaini. Mwaka huu tumeweka tisa.