Lodi wa Rawdale Alisimama

Watu wa Rawdale hawakumwomba Lodi wao mambo makubwa. Walimwomba asimame, aseme hapana, akae. Basi. Hata kasuku angeweza.

Mji wa viwanda ulio ng'ambo ya milima ulikuwa na kiu, na wakubwa wake walikuwa wamepata dawa: wajenge ukuta mdomoni mwa bonde la Rawdale, mto ujae nyuma yake, maji yapelekwe mjini kwa mabomba. Kwamba chini ya maji hayo yangebaki mashamba, shule, kanisa na makaburi ya wazee wa watu, hilo halikuwanyima usingizi. Muswada ulikwisha kupita Bunge la chini. Ulibaki kwa Malodi, wale wa Bunge la juu, na miongoni mwao alikuwemo mmoja aliyebeba jina la bonde lenyewe.

Auberon, Lodi wa Rawdale, alikuwa na miaka hamsini na mbili. Mrefu, mpole, mwepesi wa kuona haya na mwepesi zaidi wa kusahau. Alizaliwa katika jumba lililo juu ya bonde, akapelekwa shule ya bweni angali na meno ya utoto, na alipokuwa kijana akaingia Bunge la chini. Huko alihutubia sana, na hakuna aliyekumbuka alichosema. Wapiga kura wakamchoka, wakamtoa. Baba yake alipofariki akarithi jumba, cheo na kiti kwa Malodi, na kiti hicho akakikalia miaka kumi na moja bila kufungua kinywa. Marehemu baba alikuwa waziri mara mbili. Picha yake kubwa ilitundikwa kwenye ngazi, na kila asubuhi Auberon akishuka kunywa chai alipita mbele ya mtu aliyemzidi.

Majira ya kuchipua, wanabonde walimwita katika kanisa lao dogo la Kimethodisti, akawaahidi mbele ya wote: "Nitasimama niwasemee." Tamar Iveson, yaya aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa, alilia kwa sauti bila kujali nani anamtazama. "Mnaona?" aliwaambia majirani. "Mtoto wangu huyo!"

Wiki moja kabla ya mjadala, Lodi Cheverell, mnadhimu wa chama, alimfuata katika chumba cha chai huko Bungeni, London.

"Auberon, ndugu yangu, nasikia unataka kututilia mchanga kwenye kitumbua."

"Nimewaahidi watu wangu, Cheverell."

"Umewaahidi nini hasa?"

"Kwamba nitasimama niwasemee."

"Sasa nani kakukataza? Simama! Sema! Ila si ndiyo hotuba yako ya kwanza humu? Na hotuba ya kwanza haigombani na mtu, hiyo desturi unaijua. Sifu mto. Sifu ndege. Wewe si mtu wa ndege?" Cheverell akakoroga chai yake taratibu. "Halafu ukifika wakati wa kura, pita mlango wetu. Nafasi ya naibu waziri wa kilimo iko wazi. Juzi tu Waziri Mkuu kaniuliza, hivi yule mtoto wa marehemu Rawdale yukoje?"

Mtu mwenye haya zake angeimwaga ile chai mezani. Auberon aliuliza, "Wa kilimo?"

Siku ya mjadala ikafika. Bi Tamar alikuwa amepanda treni tangu alfajiri na majirani wawili, na kofia yake ya Pasaka kichwani ijapokuwa Pasaka ilikwisha pita. Waliketi juu, kwenye viti vya wageni, na kutoka kule sauti za Malodi zilifika kama za watu wanaozungumza ndani ya pipa. Lakini alimwona Bwana Mdogo wake akisimama, akamshika jirani yake mkono.

Naye akasema. Loo, alisema! Alieleza mto wa Rawdale unavyong'aa baada ya mvua. Aliwataja ndege mmoja mmoja, chororo na kozi na yule mdogo anayetembea chini ya maji kama yuko sebuleni kwake. Alieleza kuta za mawe zilizojengwa na mababu bila tone la saruji. Malodi wazee walifumba macho kwa utamu. Neno "hapana" halikutoka. Neno "muswada" pia halikutoka. Alipokaa, jasho lilikuwa limemlowesha mgongo, na ndani ya moyo wake alijiambia: nimesimama, nimesema, nini tena?

Desturi ya pale ni kwamba anayefuata kuzungumza lazima ampongeze aliyetoka kutoa hotuba yake ya kwanza, apende asipende. Aliyefuata alikuwa mzee wa upinzani, zamani dereva wa treni, aliyekuwa anaupinga muswada kwa nguvu zake zote.

"Nampongeza Lodi mtukufu," alisema. "Ametutajia kila ndege wa Rawdale. Natumaini siku nyingine atatutajia watu."

Wengine walicheka. Auberon naye alicheka, maana ungefanyaje? Masikio yalimwaka moto.

Kwa Malodi kura hupigwa kwa miguu. Wanaoridhia hutokea mlango wa kulia, wasioridhia wa kushoto, na wahesabu kura husimama milangoni. Wageni walioketi juu hakuna aliyewaeleza mlango upi ni wa nani. Auberon alifika katikati ya ukumbi akapunguza mwendo. Hakuna aliyemsukuma, tusimtafutie kisingizio. Alimwona Cheverell amesimama kuliani anamtazama, akaenda kulia.

Muswada ukapita kwa kura chache tu.

Alitaka kutoroka kwa mlango wa nyuma, lakini Bi Tamar alikwisha kushuka na kumsubiri kwenye korido. Akamkamata mkono kwa mikono yake miwili.

"Nilikuona, Bwana Mdogo! Ulivyosimama pale! Masikio yangu haya hayafai kitu, sikushika yote, lakini ndege niliwasikia. Na mlango nilikuona ukiingia, nikamwambia mwenzangu, huyo hapo, anakwenda kutupigania! Wametushinda, sawa. Wao ni wengi. Lakini wewe umesimama na sisi."

"Bi Tamar..."

"Usiseme kitu, mwanangu, najua unaumia. Jumapili uje kanisani, uwaambie wenyewe kwa kinywa chako. Watu wamevunjika moyo, wanataka kitu cha kushika."

Pale ndipo alipopaswa kusema. Alisema, "Nitakuja."

Ijumaa redio ilitangaza naibu waziri mpya wa kilimo. Rawdale walipiga vigelegele: ushujaa umelipwa, jamani, kumbe serikalini bado kuna watu wa haki! Bi Tamar alikwenda dukani bila haja ya kununua kitu, ili tu apewe hongera.

Jumapili kanisa lilijaa hadi vibarazani. Mezani kulikuwa na keki ya zabibu kavu na jibini la kwao, na birika kubwa la chai lilikuwa linachemka pembeni. Walimpigia makofi alipoingia. Kila kofi alilisikia shavuni.

Akaanza na mto, akaja kwenye ndege. Watu walisikiliza kwa adabu. Ndipo Mzee Enoch Sunter, ambaye shamba lake ndilo lingezama la kwanza, akainua mkono.

"Samahani, Mheshimiwa. Bonde ni zuri, hilo tunalijua, sisi ndio tunaoishi humu. Uliwaambia wasilizamishe?"

"Enoch!" Bi Tamar alimgeukia. "Ndiyo maswali gani hayo ya kumuuliza mtu? Mimi nilikuwepo!"

"Wewe husikii, Tamar, na unajua kuwa husikii. Namuuliza yeye."

Angeweza kudanganya. Hakuna hata mmoja pale ambaye angembishia. Alimtazama Bi Tamar, naye alikuwa anatabasamu na kuitikia kwa kichwa kumtia moyo, sema mwanangu, sema, na tabasamu lile lilimchoma kuliko swali.

"Sikuwaambia," alisema.

Mzee Sunter akashusha mkono. "Na kura?"

"Niliridhia. Nilipita mlango wa wanaoridhia."

Alingoja matusi. Aliyatamani, kwa kweli. Mtu akitukanwa angalau hupata pa kushika. Hakuna aliyemtukana. Mwanamke mmoja aliinuka akaenda kuzima moto chini ya birika. Mwingine akaanza kuifunika keki. Auberon alibaki mbele yao, kofia mkononi, naibu waziri wa kilimo, hajui aondoke au akae.

Bi Tamar aliinuka kwa shida, akishikilia benchi la mbele. Hakumtazama. Alipita kando yake kama anapita kando ya nguzo, akasimama pale mbele, akampa mgongo, akawakabili majirani zake aliojisifia kwao wiki nzima. Ikambidi aanze mara mbili.

"Mnisamehe, jamani," alisema. "Huyu nimemlea mimi."