Farasi Hupigiwa Hodi

Banda lile lilikuwa la kulea farasi wa watu. Wenyewe waliishi kwenye nyumba zisizo na uwanja, basi wakawaacha wanyama wao pale walishwe na kusuguliwa, wao wakaja kuwapanda siku za mapumziko. Tangu mwenye banda azikwe, mjane wake ndiye aliyeshika funguo. Lakini ni funguo tu. Neno watu walilitafuta kwingine. Akisema jambo, mteja anaitikia kwa kichwa, kisha anazunguka nyuma ya ghala la majani kumuuliza shemeji yake: "Eti ni kweli?"

Marehemu alikuwa na sharti moja asilolilegeza kwa mtu. Huingii kwa farasi bila kupiga hodi. Unasimama mlangoni, unaita, unangoja sikio ligeuke. Likigeuka, umekaribishwa. Wageni walicheka, naye akacheka nao, ila hawakupita bila hodi. Asubuhi alikwenda chumba hadi chumba akiita, kama mtu anayesalimia majirani. Mpaka leo kuna asubuhi mjane husimama na ndoo mkononi akiisikiliza sauti ile, mpaka farasi wamkumbushe kwa kwato kwamba wana njaa.

Jumamosi moja Daktari wa Meno aliingia na simu sikioni. Farasi wake, jike la kahawia, alikuwa amesimama akisinzia, makalio yameelekea mlangoni.

"Daktari, hodi kwanza," mjane alimwambia.

"Aa, mama! Huyu si wangu? Nipige hodi kwa mali yangu?"

"Ni wako, lakini amelala."

"Kwani ataniitikia karibu?" Alicheka, akasukuma mlango, akamchapa farasi kofi la makalio kama anayemsalimu rafiki wa shule.

Teke lilitoka kicheko hakijaisha. Lilipita kando ya goti lake, likapasua ndoo ya maji; simu ikaruka ikatua kwenye samadi. Farasi akazunguka kwa hofu, na Daktari akajikuta kwenye pembe ya chumba, njia ya mlango imezibwa, miguu ya nyuma ikimwelekea yeye.

"Kaka!" alipiga kelele. "Kaka, njoo umshike!"

Shemeji alikuja mbio na uma wa majani. Alipofika alisimama nyuma ya mjane, akauweka uma chini. "Mwenye banda huyu hapa," alisema. "Msikilize."

"Nyamaza, Daktari," mjane alisema. "Bana mgongo ukutani, usisogeze hata kidole." Kisha akashusha sauti. "Hodi, mwanangu. Hodi." Akangoja. Sikio moja likatetemeka, likageuka. Akaingia akipitia upande wa bega la farasi, akamshika shingo, akamvuta kichwa upande ule aliokuwa Daktari, na makalio yakahamia ukuta wa pili. "Sasa pita. Polepole, kama unatoka chumba cha mtoto aliyelala."

Nje, Daktari aliipangusa simu kwenye suruali.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," shemeji alimwambia. "Wewe imevunjika ndoo tu. Ungecheza bahati nasibu leo."

Daktari hakucheka. "Sasa kaka, Jumamosi ijayo nikija..."

Shemeji aliokota uma wake, akarudi kwenye majani.

"Jumamosi ijayo humgusi," mjane alisema. "Humgusi mpaka nikufundishe mimi mwenyewe. Utafagia, utabeba maji, utajifunza kusimama mlangoni. Ukiona ni dharau, mtafutie pengine. Nitakusaidia kumpandisha garini."

Hakupandisha sauti, wala hakuongeza neno la kulainisha. Daktari alitazama ile ndoo iliyopasuka, kisha akamtazama mjane, usoni safari hii, si kupitia begani kwake kumtafuta mwingine.

"Nianze lini, mama?"

"Ufagio uko nyuma yako."